London hadi Kisumu: siku kumi, halafu masaa nane

Najua nimekuwa kimya hapa bloguni. Kazi ilikuwa nyingi, halafu tulikuwa na msiba nyumbani Khunyangu. Makala ya leo imetokana na msiba huo, ingawa sehemu kubwa ni ya historia na hesabu, kwa hivyo usinikimbie.

Kuka wetu alifariki siku ya Jumanne. Jumatano jioni wazee wakakaa chini ya hema kupanga mazishi. Binamu yangu anayefanya kazi London alikuwa amepiga simu kusema anaweza kuondoka Ijumaa. Mzee mmoja akageuka akaniuliza, "Wewe mtu wa kompyuta, kutoka London mpaka hapa ni muda gani?" Nami kwa madaha nikatoa simu, nikafungua kiprogramu nilichokiandika mwenyewe nikiwa chuoni. Unaandika majina ya viwanja viwili vya ndege, kinakupa umbali na muda wa kuruka. London, Kisumu. Kilomita 6,613. Nikasema kwa sauti, "Ni saa nane!"

Kwanza, senge akaelewa kwamba mjukuu anafika saa nane mchana. Kosa ni langu, Kiswahili chetu kina mtego hapo. (Walimu wanisamehe, kuanzia hapa nitaandika "masaa" nikimaanisha muda, ili tusipoteane tena.) Pili, na hili ndilo zito, wazee waliamini. Mazishi yakapangwa Jumamosi saa saba mchana. Binamu akapata tiketi ya kupitia mji mmoja wa Ghuba, akalala uwanjani huko akisubiri ndege ya pili, akafika Nairobi Jumamosi mchana, akaunganisha hadi Kisumu, na akaingia bomani saa mbili usiku. Tulikuwa tumemsubiri hadi saa kumi, mawingu ya mvua yakaanza kukusanyika, tukazika. Kutoka kwake kuondoka hadi kufika yalikuwa masaa 28. Programu yangu ilisema 8.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hiyo namba 8 ilitoka wapi hasa? Na je, kuna wakati wowote katika historia ambapo safari ya London hadi Kisumu ilikuwa fupi kama mstari wenyewe? Nikaanza kuchimba.

Tuanze na hesabu. Dunia ni mviringo (karibu), kwa hivyo njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kubwa linalozunguka katikati ya dunia. Kanuni kamili ina saini na kosaini nyingi, lakini Kisumu wametupa bahati: uwanja wao uko karibu kabisa na ikweta, latitudo 0.09 kusini. Ukichukulia kwamba ni sifuri, karibu kila kitu kinaondoka na unabaki na hiki tu: kosaini ya pembe ni kosaini ya latitudo ya London mara kosaini ya tofauti ya longitudo. Chukua kikokotoo chako cha shule. Latitudo ya Heathrow ni 51.47. Longitudo zinatofautiana kwa nyuzi 35.18. Zidisha kosaini hizo mbili, upate 0.509. Geuza kuwa pembe, upate nyuzi 59.4. Kila nyuzi moja ya duara kubwa ni kilomita 111.2. Jibu: kilomita 6,600 na ushei. Hesabu hii mtoto wa kidato cha tatu anaiweza, na inakosea kwa chini ya kilomita kumi ukilinganisha na ile kamili.

Sasa, watu wa programu hawatumii kanuni hiyo ya kosaini, wanatumia inayoitwa haversaini. Jina hilo lilibuniwa na Mwingereza James Inman mwaka 1835, alipokuwa akiwatengenezea mabaharia majedwali ya hesabu. Kwa nini kitu cha mabaharia wa 1835 kimo ndani ya simu yako? Kwa sababu ya vitu vidogo. Kosaini ya pembe ndogo sana ni karibu 1, na kompyuta inayohifadhi tarakimu saba hivi tu inashindwa kutofautisha 0.99999999 na 1. Niliwahi kujaribu kwa sehemu mbili zilizo nusu kilomita kutoka moja hadi nyingine, upande wa Kenya na upande wa Uganda pale Malaba. Kanuni ya kosaini, kwa namba za biti 32, ilinipa umbali wa sifuri. Yaani mpaka uliondoka! Haversaini haina ugonjwa huo. Mwaka 1975 Thaddeus Vincenty alileta njia inayojali kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na hiyo ndiyo sahihi zaidi, ila kwa kazi yangu ni kama kupima viazi kwa mizani ya dhahabu.

Umbali basi haukuwa na tatizo. Tatizo ni mstari wa pili wa programu: gawanya kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hapo ndipo nilipoweka ndege ambayo haipo. Hakuna ndege ya abiria inayotoka London na kutua Kisumu moja kwa moja.

Lakini, ndugu msomaji, zilikuwepo zilizotoka London zikiitaja Kisumu kwenye ratiba! Na hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha zaidi katika kuchimba kwangu.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka uwanja wa Croydon, London, kuja Ziwa Viktoria. Mwisho wa njia ulikuwa Mwanza, na Kisumu kilikuwa kituo kabla yake. Usifikirie ni ndege moja. Abiria alibadilisha vyombo kama mtu anayetoka Khunyangu kwenda Lamu. Ilivuka Mediterania ndege inayoelea, ikafika Alexandria. Kutoka hapo treni hadi Kairo. Kisha ndege ya magurudumu hadi Khartoum. Halafu tena ndege ya kuelea aina ya Short Calcutta ikafuata mto Nile kuelekea juu, ikitua majini kila inapohitaji mafuta, hadi ziwani. Kwa miaka kadhaa ya 1930 hata kipande cha Paris hadi Brindisi, Italia, abiria wa shirika la ndege walikipita kwa treni. Safari ile ya kwanza ilifika Mwanza tarehe 10 Machi. Siku kumi.

Kwa nini majini? Kwa sababu maji ni uwanja ambao haugharimu kujengwa. Katika miaka ile huwezi kupata lami kila kilomita mia nne barani Afrika, lakini Nile na maziwa yapo tayari. Na kwa nini Kisumu? Kwa sababu reli ilikuwa imefika hapo tangu Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Hata hivyo ukiangalia tarehe, utaona jambo. Mwaka huo huo wa 1931, reli ya kupitia Malaba na Tororo ilifika Kampala. Kwa hivyo katika mwaka mmoja, sisi watu wa mpakani tulipata treni ya kutuunganisha na Kampala na ndege za London kutua karibu nasi. Mimi nilisoma historia hadi kidato cha nne na hakuna aliyeniambia hilo.

Tufanye hesabu kidogo. Short Calcutta ilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Mstari ulionyooka wa kilomita 6,600 ungechukua masaa 44 ya kuruka. Lakini hawakunyooka, na usiku hawakuruka, walilala hotelini. Ukigawa kilomita 6,600 kwa siku kumi unapata wastani wa kilomita 27 kwa saa, usiku na mchana. Hapa kwetu ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo vya mpaka pale Busia na Malaba. Kijana mwenye nguvu, barabara ikiteremka, angeweza kushindana na Imperial Airways. Mzaha tu. Lakini meli ilichukua wiki kadhaa, kwa hivyo barua iliyofika kwa siku kumi ilikuwa muujiza.

Mwaka 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, barua zikitangulia Januari na abiria wakifuata Aprili, na Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia: unashuka kwenye ndege ya maji, unapanda ya magurudumu kuelekea Nairobi na kusini. Nairobi yenyewe, fikiria, ilikuwa kituo cha baada ya Kisumu! Ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929 (ndiyo, Uwanja wa Wilson ni yeye), zilikuwa tayari zikihudumia anga la ndani. Kisha Juni 1937 zikaja ndege kubwa za kuelea za Short, kutoka Southampton hadi Durban, zikipitia Kisumu halafu pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mwezi huo huo ulianza mpango wa barua za ndege za himaya, ambapo barua nyepesi ilisafiri kwa bei moja ndogo ya senti na nusu ya Kiingereza bila ada ya ziada ya ndege. Kwangu mimi hilo ni kama siku ambayo bando la intaneti lilishuka bei. Umbali haukupungua hata mita moja, ila watu waliomudu kuuvuka waliongezeka.

Sasa nikakutana na mdudu. Nilitaka kuongeza kwenye programu sehemu ya historia: weka tarehe ya 1937, ikupe saa ya kuondoka London na saa ya kutua Kisumu. Nikaweka jaribio, na kompyuta ikanijibu kwamba Kenya iko mbele ya Greenwich kwa masaa 2 na dakika 45. Nikadhani nimeharibu msimbo. Nikakesha usiku mzima. Kumbe kompyuta iko sahihi!

Karibu kila simu na seva duniani ina faili linaloitwa hifadhidata ya majira ya saa. Alianzisha Arthur David Olson miaka ya 1980, baadaye Paul Eggert akawa mtunzaji wake, na tangu 2011 iko chini ya IANA. Humo ndani kuna mstari wa Africa/Nairobi, na mstari huo una historia yetu. Mwanzo kabisa ni saa ya jua la Nairobi lenyewe: masaa 2, dakika 27, sekunde 16. Kuanzia Mei 1908, masaa 2 na nusu. Katikati ya 1928 yakawa 3. Januari 1930 yakarudi 2 na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza, 2 na dakika 45. Na mwanzoni mwa Agosti 1942 yakawa 3, ndiyo haya tunayotumia hadi leo. Yaani abiria wa kwanza wa 1931 alitua Kisumu ya 2:30, na yule wa 1937 akatua Kisumu ya 2:45.

Kinachonichekesha ni kwamba matoleo ya zamani ya faili hilo yalikuwa na tarehe tofauti. Yalisema 2:45 ilianza 1940 na kuisha 1960, kisha watu wakapekua nyaraka wakarekebisha. Na Uganda ilikuwa na mstari wake wenyewe: 2:30 hadi 1948, halafu 2:45 hadi 1957. Ukiamini faili lile la zamani, kwa miaka minane robo saa ilikuwa imelala pale kwenye daraja la Malaba, unavuka mto saa tatu unafika ng'ambo saa tatu kasorobo. Siku hizi Africa/Kampala ni kiungo tu kinachoelekeza kwa Nairobi, na watunzaji wenyewe wanaonya kwamba hawaahidi usahihi wa kabla ya 1970. Kwa hivyo ukiandika programu ya historia, tazama simu ya mteja ina toleo gani. Simu mbili, mezani pamoja, zinaweza kukupa majibu mawili juu ya mwaka 1938.

Kwa taarifa yako, jua haliyajui hayo yote. Busia iko nyuzi 34.1 mashariki, na kila nyuzi ni dakika nne, kwa hivyo saa yetu ya jua ni masaa 2 na dakika 16. Tunaishi na saa inayotangulia jua kwa dakika 44. Ndiyo maana kwetu saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza, na mtu wa Mombasa anayetutembelea hulalamika.

Turudi angani. Baada ya vita, shirika la BOAC lilileta ndege za kuelea kwa muda mfupi, kati ya 1948 na 1950, lakini hizo zilitua Port Bell, upande wa Uganda. Kisha tarehe 2 Mei 1952 ikaja Comet, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria wa kulipa. Safari hiyo ya kwanza kabisa ya jeti ilikuwa London hadi Johannesburg, kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Abiria 36, chini ya masaa 24. Entebbe, ndugu msomaji! Kutoka Busia ni safari ya asubuhi moja kwa matatu. Wakati watu wa New York bado wanasikia kelele za propela, jeti ya abiria ilikuwa imeshatua kando ya ziwa letu.

Nisifiche mwisho wake. Ndege ile ile, yenye namba G-ALYP, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954 na watu wote 35 waliokuwemo wakafa. Chanzo kilikuwa uchovu wa chuma: kila safari bodi linajazwa hewa kama mpira na kuachiwa, hadi likachanika. Wahandisi waliligundua kwa kuizamisha Comet nzima ndani ya tangi la maji na kuijaza na kuipunguza mgandamizo maelfu ya mara. Hiyo ni kazi ya kutafuta mdudu ambayo sisi wa kompyuta tungejivunia.

Tangu hapo Kisumu ikasahaulika. Nairobi ilipata uwanja mpya wa Embakasi mwaka 1958, na kila kitu kikahamia huko. Kisumu ilirudi kwenye ramani kwa kiasi fulani mwaka 2012 ilipofunguliwa upya ikiwa na hadhi ya kimataifa. Lakini hadhi si tiketi.

Na hata kama kesho ingekuwepo ndege, mstari wangu wa kilomita 6,613 usingefuatwa. Niliuchora kwenye ramani. Unatoka London, unavuka Ufaransa na Alpi, unapita juu ya bahari kando ya Italia, unaingia Libya, unakatiza Sudani, Sudani Kusini na Uganda, unaingia nyumbani na kupita karibu kabisa na Mumias, kama kilomita ishirini tu kutoka kaburi la kuka. Libya imekuwa na vita kwa vipindi tangu 2011. Anga la Sudani lilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza Khartoum, na ndege zikalazimika kuzunguka. Khartoum ile ile! Mwaka 1931 huwezi kufika Kisumu bila kulala hapo, na mwaka 1952 jeti ilikunywa mafuta hapo kabla ya Entebbe.

Binamu yangu ndiye aliyenieleza jambo ambalo programu haikuwa na sehemu ya kuliandika. Alisema ndege ya moja kwa moja hadi Nairobi ilikuwepo siku hiyo, karibu masaa tisa, lakini bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile aliyonunua. Angejua kwamba mazishi ni saa saba angekopa. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu sisi huku tulikuwa na namba nane mkononi na tukadhani tumemaliza.

Nimeibadilisha programu. Umbali bado inautoa. Muda wa kuruka inautoa pale tu ambapo kuna ndege ya moja kwa moja kwenye ratiba, vinginevyo inaandika "hakuna ndege, uliza msafiri." Nimeongeza pia kipande cha nchi kavu, kwa sababu kutoka Kisumu hadi Khunyangu si hatua moja, na wale wa Busia wanaopitia Entebbe wana mpaka wa kuvuka na foleni ya Kampala ya kuhesabu. Foleni ya Kampala sijapata kanuni yake. Kama kuna msomaji anayo, hata ya kukisia, anidokeze hapo chini.